Kwenda Sauti za Busara na watoto: tiketi, boti, masikio na usingizi

Ukienda Sauti za Busara, tamasha la muziki la Zanzibar, peke yako, unaangalia kwanza nani anapiga, halafu unajipanga. Ukienda na watoto, anza na saa zao za kulala, ndipo uangalie nani anapanda jukwaani. Familia zinazorudi nyumbani zimenuniana mara nyingi zimekosea hapo. Zilinunua tiketi za siku zote, zikashinda juani Nungwi, zikafika Ngome Kongwe saa 2 usiku watoto wakiwa hoi, na bendi waliyoifuata ikawa ya saa 5.

Tamasha hili lilianza mwaka 2004 na hufanyika Unguja kila Februari, kwa siku 3 au 4 za mwisho wa wiki, ndani ya Ngome Kongwe pale Mji Mkongwe. Mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha. Muziki wake hupigwa laivu: taarab, ngoma za asili, singeli, gnawa ya Moroko, bendi za Komoro na Réunion, na vijana wa Kinshasa au Nairobi na magitaa yao. Wenye biashara ya rekodi huuita wote “muziki wa dunia”, jina lililochaguliwa London mwaka 1987 ili maduka yapate rafu moja ya kuweka kila kisichokuwa cha kwao. Ukiwa Ngome Kongwe rafu hiyo haina kazi, maana taarab iko nyumbani kwake na hao wengine ndio wageni.

Tarehe na tiketi

Tarehe hutangazwa miezi mingi kabla. Zikitoka, zilinganishe na mwezi wa Ramadhani, ambao kila mwaka huwahi siku 10 au 11 na miaka hii umekwisha ingia Februari. Ukipanga kubaki Unguja wiki nzima baada ya tamasha, huenda ukajikuta mchana kutwa migahawa mingi imefungwa nawe una mtoto wa miaka 3 anayelilia chipsi. Hilo si kosa la mji, ni la kalenda yako. Ijumaa nayo, iwe Ramadhani au isiwe, maduka mengi hufungwa saa za sala ya adhuhuri. Maji na pampasi nunua asubuhi.

Kuna tiketi za siku moja moja na za tamasha zima, na Mtanzania hulipa kiwango cha chini kuliko mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho. Soma masharti ya mwaka huo kuhusu umri wa mtoto kabla ya kulipa. Ushauri wetu kwa mwenye watoto chini ya miaka 8: usinunue siku tatu mfululizo. Nunua siku ya kwanza na ya tatu, ya katikati iwe ya kulala na kuogelea. Mtoto aliyekesha juzi na jana, kesho yake hasikii muziki, anasikia kelele tu. Wakubwa watakaopeana zamu ndio wachukue tiketi za siku zote.

Tiketi hubadilishwa kwa utepe wa mkononi. Wa mtoto ufungwe ukiwa umeingiza kidole chako kimoja kati ya utepe na kifundo. Ukibana, joto la mchana huvimbisha mkono na ataukata kwa meno. Ukilegea, utabaki kwenye mchanga wa Forodhani, ile bustani ya ufukweni mbele ya Ngome. Utepe uliokatika huwa haukubaliki mlangoni. Tiketi za vijana wanaozurura nje wakidai wanazo za bei nafuu ziache zilivyo.

Boti

Boti za haraka kutoka Dar es Salaam huchukua karibu saa 2, na wiki ya tamasha hujaa mapema, hasa za Alhamisi na Ijumaa. Kila abiria huandikwa jina, mtoto naye, kwa hiyo beba cheti cha kuzaliwa au pasi yake. Fika bandarini saa nzima kabla. Nauli lipa dirishani, wala si kwa mpiga debe wa barabarani, na mpagazi patana naye bei kabla hajagusa begi.

Februari upepo wa kaskazi bado unavuma. Boti inayotoka Dar inaelekea kaskazini, basi hukutana nao usoni na kugonga mawimbi. Wakati wa kurudi upepo uko mgongoni na safari hutulia. Kwa hiyo jiandae zaidi kwa kwenda. Kaa ghorofa ya chini, katikati kuelekea nyuma, ambako chombo hupanda na kushuka kidogo. Mpe mtoto biskuti kavu au mkate mtupu saa moja kabla, si chai ya maziwa na maandazi ya mafuta. Simu weka mbali: macho yaliyokazia skrini wakati mwili unayumba ndiyo yanayoleta kichefuchefu. Mwonyeshe upeo wa bahari. Dawa ya kuzuia kutapika safarini hunywewa kabla ya kuondoka, kwa kipimo atakachotoa mfamasia kulingana na uzito wa mtoto. Akishaanza kutapika haikai tumboni.

Wanaotoka Kenya, Uganda au Kongo wabebe pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ya kila mmoja aliyetimiza mwaka 1 na kuendelea. Kadi ya mtoto ndiyo inayosahaulika.

Mahali pa kulala

Chagua chumba ambacho utafika kwa miguu ndani ya dakika 10, ili mkubwa mmoja aweze kuondoka na watoto bila kuharibia wengine jioni. Lakini usikae ukuta kwa ukuta na Ngome. Kuta za Mji Mkongwe ni nene, ila madirisha ni ya mbao zenye upenyo, na besi hupita hapo hadi baada ya saa 6 usiku. Upande wa Vuga au Mkunazini ni karibu vya kutosha na pametulia kuliko Shangani na Forodhani. Wenye ndugu Ng'ambo, Kikwajuni au Michenzani, wapatane mapema na dereva wa teksi wanayemjua, maana usiku daladala huadimika na bei za teksi hupanda kadiri umati unavyotoka.

Kigari cha mtoto kiache nyumbani. Vichochoro vina mawe, vizingiti na vespa zinazotokea kwenye kona bila honi. Mbeleko inashinda kigari mara kumi. Mtoto ambaye shingo bado haijakaza mfunge mbele, kichwa kikiwa karibu na kidevu chako na uso ukiwa wazi; wa mgongoni awe ameshaanza kukaa mwenyewe. Anayetembea mshike mkono, na wewe ndiye utembee upande wa katikati ya njia, yeye awe upande wa ukuta.

Masikio

Hapa ndipo wazazi wengi huwa hawajui kabisa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kelele hupimwa kwa desibeli. Kiwango ambacho wataalamu wa afya kazini hukubali kwa mtu mzima ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda hukatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, 97 ni dakika 30, na 100 ni dakika 15 tu. Karibu na spika za jukwaa kubwa, 100 ni kitu cha kawaida. Maana yake wimbo mmoja mrefu wa singeli mbele ya spika unamaliza posho ya siku nzima ya sikio la baba yake, sembuse la mtoto. Na uharibifu huu hauumi wakati unatokea, wala haurudi nyuma.

Dawa yake ni vile vikinga masikio vya kuvaa kichwani, kama vya mafundi wanaokata vyuma, vya ukubwa wa mtoto. Vizuri hupunguza desibeli 20 hadi 25, hivyo 100 hushuka hadi 75 au 80. Pamba ya kuchomeka haisaidii kitu cha maana. Vile vidogo vya sponji vya kuingiza ndani ya sikio usimpe mtoto chini ya miaka 3, atavimeza.

Vikinga hivi hufanya kazi pale tu vinapokaa kwenye ngozi pande zote. Rasta nene zilizopita juu ya sikio, hereni kubwa, miwani au mkunjo wa hijabu huacha upenyo, na sauti huingia hapo kama maji. Binti anayevaa hijabu avae vikinga chini yake, si juu. Kupima: simama nyuma yake upige kofi moja kali, akigeuka haraka kama kawaida, rekebisha. Pia anza kumzoesha nyumbani wiki moja kabla, dakika 20 kila siku akiangalia katuni. Mtoto anayevishwa mara ya kwanza mbele ya jukwaa huvivua kila baada ya dakika mbili, na mzazi huchoka kabla yake.

Halafu kuna suala la wapi pa kukaa. Uwanjani pa wazi, ukirudi nyuma mara mbili ya umbali uliokuwapo, sauti hupungua karibu desibeli 6. Ngome Kongwe si uwanja wa wazi. Waomani waliijenga mwishoni mwa karne ya 17 kuzuia maadui, na kuta zile zile huirudisha sauti ndani. Usitegemee umbali peke yake. Epuka pembe za kuta, ambako besi hujikusanya hadi kifua kinatetemeka, na epuka mstari wa mbele ya spika. Mahali pazuri ni nyuma ya meza ya fundi sauti, katikati. Fundi anapanga mlio kwa masikio yake, kwa hiyo hapo alipo ndipo muziki unaposikika ulivyokusudiwa. Kama mwaka huo kuna jukwaa lile la ngazi za mawe ndani ya Ngome, nenda huko na wadogo: wakikaa ngazi za juu wanaona juu ya vichwa vya watu bila wewe kuwabeba mabegani, ambako pia wangekuwa usawa wa spika. Angalia tu mawe yale, yamekaa juani kutwa na jioni bado ni ya moto. Tandika kanga iliyokunjwa mara nne.

Mtoto akianza kuziba masikio kwa mikono, kukasirika bila sababu au kusema masikio yanalia, mtoe nje nusu saa. Usimbembeleze abaki.

Siku yenyewe

Februari Unguja jua ni kali, mchana hufikia nyuzi 32 na zaidi, na unyevu wake haukaushi jasho. Matembezi yawe saa 2 hadi saa 5 asubuhi. Kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, ambao ukoo wao uliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, wanatosha kwa asubuhi nzima, na mashua hufika kwa nusu saa hivi. Saa 7 hadi saa 9 mchana ni kulala, wakubwa pamoja na watoto, hata kama wanasema hawana usingizi. Huu ndio muda unaonunua jioni yako. Kuukata ili mwende ufukweni ni kuuza ng'ombe kununua maziwa.

Siku ya ufunguzi huwa na maandamano ya ngoma na beni mitaani alasiri. Kwa watoto hii ni nusu ya tamasha, tena bure. Usiingie katikati ya msafara; tafuta baraza upande wenye kivuli, kaa hapo nusu saa kabla, na wapite mbele yenu.

Ingia Ngome kama saa 11 jioni. Jua huzama saa 12 na dakika 40 hivi, na saa mbili hizi za mwanzo ndizo zenye nafasi ya kukimbia, foleni fupi za choo na muziki usio wa kukata masikio. Bendi za nyumbani mara nyingi hupangiwa muda huu, wakati mwingine taarab, wakati mwingine wanafunzi wa muziki. Wageni wengi huwa bado hotelini. Wanapishana na jambo, tukisema kweli.

Saa 4 usiku toka na watoto, hata wakiwa wachangamfu. Baada ya hapo umati hubadilika sura: watu wamesimama wamebanana, baa imechangamka, sigara zimeongezeka, na mtoto mfupi anaona magoti tu. Kama mko wakubwa wawili, peaneni zamu: leo mmoja anarudi na watoto, siku ya pili mwingine. Andikeni zamu hizo kabla ya kuja. Zikiamuliwa pale pale mlangoni, huamuliwa kwa ugomvi.

Kumfanya mtoto asikilize

Mtoto hafurahii asichokijua. Wiki mbili kabla, wapigieni nyumbani nyimbo za wasanii wawili au watatu tu walio kwenye ratiba. Mpe kila mtoto chombo kimoja cha kutafuta jukwaani: mmoja kanuni, ile yenye nyuzi nyingi inayolazwa mapajani, mwingine udi wenye tumbo la mviringo, mdogo kabisa apewe dumbaki, ile ngoma ndogo, maana anaiona kwa urahisi na mkono unaoipiga hautulii. Kwa bendi yenye asili ya Ugogo, atafute zeze la nyuzi na ilimba, ile inayopigwa kwa vidole gumba.

Taarab ikipigwa, mfundishe kutunza. Noti ya 1,000 mkononi, anatembea taratibu kwa mwendo wa wimbo, anampa mwimbaji au anaiweka mbele yake, anarudi bila kukimbia. Kama kuna uzio au mlinzi mbele ya jukwaa, muulize kwanza. Mtoto aliyetunza mara moja atakumbuka wimbo ule kuliko yote mengine, na kwa elfu moja hupati kumbukumbu ya bei hiyo mahali pengine.

Chakula

Kuleni Forodhani kabla ya kuingia, kama saa 10 na nusu jioni wapishi wanapoanza kupanga meza, au mlie nyumbani na Forodhani iwe ya kitafunio. Mlangoni mwa Ngome mifuko hukaguliwa na vyakula na vinywaji vya nje huweza kuzuiwa. Maziwa ya mtoto mchanga yataje mwenyewe kabla hujaulizwa. Begi lisiwe la mfuko wa plastiki, maana Zanzibar imeipiga marufuku tangu 2006.

Mishikaki ya samaki na pweza iliyopangwa vizuri chini ya taa huenda imeshachomwa mapema na itapashwa tu. Chagua kibichi au kinachochomwa ukiona, na uulize bei ya kila kijiti kabla hakijagusa makaa. Kwa watoto, kilicho salama zaidi ni kinachotoka motoni mbele yako: chapati, zile za mayai wanazoziita piza ya Zanzibar, mihogo, mahindi. Urojo mwombe muuzaji aweke pilipili na chatne pembeni, si ndani. Juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi ni tamu, ila omba isiyo na barafu kama hujui maji yake yametoka wapi. Beba noti ndogo za kutosha kutoka kwa wakala wa mtaani kwenu. Foleni za mashine za benki za Mji Mkongwe jioni hizo zitakuchosha.

Ukutani mwa Forodhani jioni vijana wa mjini hupiga mbizi kwa mikogo. Wao wanajua kina na saa za maji. Mwanao wa bara hajui, naye atataka kuruka. Mshike.

Mtoto akipotea, tumbo likichafuka

Kabla ya kutoka chumbani, andika namba yako ya simu kwa kalamu ya wino usiofutika upande wa ndani wa mkono wake, na umpige picha akiwa amevaa nguo za siku hiyo. Picha hiyo ndiyo utakayowaonyesha walinzi. Mzazi aliyepaniki hakumbuki rangi ya fulana. Mkiingia tu, mwonyeshe mtoto mahali pamoja pa kukutana ndani, kama meza ya fundi sauti, na umfundishe kumfuata mtu mwenye sare ya tamasha, si mtu yeyote. Akikosekana, mkubwa mmoja abaki pale pale, mwingine aende mlangoni moja kwa moja. Kosa la kawaida ni wote wawili kutawanyika kutafuta, na mtoto anarudi pale mlipokuwa hakuti mtu.

Mkubwa anywe lita 3 za maji kwa siku, mtoto wa miaka 6 kama lita 1 na nusu, kidogo kidogo. Akiharisha na huna chumvi za kuongezea maji mwilini (ORS) za dukani, lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, usawa bila kilima. Hospitali ya Mnazi Mmoja iko ukingoni mwa Mji Mkongwe, karibu na Vuga, na namba ya dharura ni 112. Mbu wa dengi huuma mchana, kwa hiyo dawa ya kupaka isingoje usiku.

Mavazi mjini: mabega na magoti yafunikwe, kwa wakubwa wa jinsia zote. Doti moja ya kanga itakutumikia kwa hilo, kwa kivuli, kwa kukalia, kwa mbeleko, na kwa kumfunika aliyelala mabegani mkirudi.

Boti ya kurudi usikate ya asubuhi baada ya usiku wa mwisho. Kata ya alasiri. Watoto wataamka saa 4, watakula, na mtapata muda wa kutafuta kiatu kimoja kilichobaki Forodhani.